Nyutrino za Jua na chembe nyepesi za maada ya giza: kipi kimekataliwa, kipi bado

Kila baada ya muda hutoka tangazo la aina moja kutoka maabara zilizochimbwa chini ya milima: tumeitafuta maada ya giza, ile isiyoonekana inayojulikana kwa uvutano wake tu, hatukuona kitu, kwa hiyo chembe za namna fulani hazipo. Kwa chembe nzito, kauli hiyo hutolewa zaidi na vigunduzi vya xenoni, gesi nzito iliyogeuzwa kimiminika. Kwa chembe nyepesi, kuanzia zenye uzito wa protoni chache hadi zile zilizo nyepesi kuliko elektroni, baadhi ya kauli zenye nguvu zimetoka kwenye nyutrino za Jua, chembe ndogo mno zisizo na chaji zinazopenya karibu kila kitu: ama zile zilizopimwa, ama zile zilizosubiriwa zisitokee.

"Hazipo" ni neno zito, na msomaji ana haki ya kuuliza limesimama juu ya nini. Ninavyoona mimi, chini ya jina moja la vikomo vya nyutrino za Jua (kikomo ni kiwango cha juu ambacho chembe ingeweza kugusana na maada ya kawaida bila kuonekana) kuna hoja mbili tofauti, na zinachanganywa mno. Ya kwanza, inayotafuta nyutrino mpya kutoka kwa chembe zinazoangamizana ndani ya Jua, ina tarakimu kali lakini imebeba masharti mengi. Ya pili, inayouliza kama kuna nishati inayovuja kutoka ndani ya Jua, ina tarakimu dhaifu, ila kuikwepa ni kazi ngumu. Mtu akiniambia chembe fulani nyepesi imekataliwa, nitataka kwanza kujua imekataliwa kwa hoja ipi, na ikibidi nichague moja ya kuiamini, nitachagua ya pili.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Katikati ya Jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15 hivi, haidrojeni inageuka kuwa heliamu, na kila kiini cha heliamu kinachoundwa huacha nyutrino mbili. Zinazofika Duniani ni kama bilioni 65 kwa kila sentimita moja ya mraba, kila sekunde, mchana na usiku, kwa kuwa Dunia yenyewe haizizuii. Nishati iliyozaliwa pamoja nazo kama mwanga huhangaika ndani ya Jua kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya kufika usoni. Nyutrino hutoka papo hapo, na dakika 8 baadaye zimeshatufikia. Anayetaka kujua kiini cha Jua kinafanya nini leo hana mjumbe mwingine wa moja kwa moja kama huyo.

Maada ya giza nayo haibishaniwi sana kuwapo kwake. Uvutano wake unaonekana katika mwendo wa nyota ndani ya galaksi, katika kupinda kwa mwanga unaopita kando ya makundi ya galaksi, na katika mnururisho wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Ni zaidi ya asilimia 80 ya maada yote. Kinachobishaniwa ni imeundwa na nini. Katika ujirani wetu wa galaksi, makadirio ya kawaida ni chini kidogo ya nusu ya uzito wa protoni moja kwa kila sentimita ya ujazo, na Jua linapita katikati yake kwa kasi ya kilomita 220 hivi kwa sekunde. Kama chembe hizo hugongana na maada ya kawaida hata mara chache mno, Jua haliwezi kupita bila kunasa baadhi yake. Hapo ndipo hesabu zote zinapoanzia.

Historia ya wazo hili ina jambo ambalo husahaulika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Raymond Davis alikuwa akihesabu nyutrino za Jua ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, kwa tangi kubwa la kimiminika cha klorini kinachotumika kusafishia nguo. Alipata kama theluthi moja tu ya zile alizotabiri John Bahcall. Pengo hilo lilidumu miongo mitatu. Mwaka 1985 David Spergel na William Press walieleza kwamba chembe za maada ya giza zilizonaswa na Jua zingeweza kubeba joto kutoka katikati na kulipeleka nje kidogo. Kiini kingepoa kwa kiasi kidogo tu, na nyutrino alizokuwa akizitafuta Davis zingepungua sana. Chembe hiyo ikaitwa kosmioni. Mafumbo mawili makubwa ya wakati ule yangepata jibu moja.

Mwaka huohuo Joseph Silk, Keith Olive na Mark Srednicki walitazama upande wa pili. Walisema: kama chembe hizo zikikutana ndani ya Jua zinaangamizana, yaani zinatoweka na kugeuka chembe nyingine, basi tutaona nyutrino mpya, zenye nishati kubwa kuliko yoyote ambayo Jua linaweza kuitengeneza lenyewe. Mawazo haya mawili hayakuweza kukaa pamoja kwa raha. Ili kosmioni zipoze kiini, lazima zirundikane kwa wingi, yaani zisiangamizane. Ili nyutrino mpya zitoke, lazima ziangamizane. Tangu siku ya kwanza, basi, hoja hizi mbili zilikuwa zinazungumzia chembe zenye tabia tofauti.

Kosmioni ilikufa kifo cha heshima. Mwaka 2001 na 2002, maabara ya Sudbury huko Ontario, Kanada, ikiwa na tani 1,000 za maji mazito (yenye haidrojeni nzito) kilomita 2 chini ya ardhi, ilionyesha kwamba nyutrino hazikuwa zimepungua bali zilikuwa zimebadilika aina njiani. Arthur McDonald alishiriki Tuzo ya Nobeli ya 2015 kwa kazi hiyo, pamoja na Takaaki Kajita wa Japani. Bahcall alikuwa sahihi kuhusu Jua, na Davis alikuwa sahihi kuhusu hesabu yake. Fumbo lililokuwa likihitaji maada ya giza likaisha bila maada ya giza. Zana ya kufikiri ndiyo iliyobaki: nyutrino za Jua zinatuambia kama kuna kitu kigeni ndani yake.

Sasa hoja ya kwanza, ile ya maangamizi. Chembe inayotoka mbali huingia kwenye Jua ikiwa imeongezewa kasi na uvutano wa Jua lenyewe. Usoni mwa Jua, kasi inayohitajika kuondoka moja kwa moja ni kilomita 618 kwa sekunde, na chembe ya maada ya giza inapita hapo ikiwa na ziada ndogo tu juu yake. Ikigonga kiini cha atomu na kupoteza ziada hiyo, imenaswa. Itazunguka, itagonga tena, itazama, mpaka itue katikati. Jua limekuwa likifanya kazi hiyo kwa miaka bilioni 4.6. Zikijaa za kutosha, huanza kukutana na kuangamizana, na katika yote yanayotoka kwenye maangamizi hayo ni nyutrino pekee zinazoweza kupenya hadi nje.

Uzuri wa hoja hii uko kwenye nishati. Nyutrino za kawaida za Jua hazifiki elektronivolti milioni 20 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati ya chembe). Chembe yenye uzito wa protoni 10 ikiangamizana na mwenzake ingetoa nyutrino za elektronivolti bilioni kadhaa, mara mamia ya hizo. Zikionekana zikitoka upande wa Jua kwa wingi, hakuna mwako wa nyuklia wa kuzisingizia.

Kigunduzi cha Super-Kamiokande, tangi la tani 50,000 za maji safi mita 1,000 chini ya mlima Ikeno nchini Japani, lenye mirija zaidi ya 11,000 ya kunasa mwanga hafifu, kilizitafuta. Mwaka 2015 watafiti wake walitoa matokeo ya siku 3,903 za data kwa chembe zenye uzito wa kuanzia kama protoni 4 hadi 200. Hawakuona ziada kutoka upande wa Jua. Kwa aina moja ya mgongano, ile inayotegemea spini ya protoni (aina ya mzunguko wa ndani wa chembe), kikomo chao kilikuwa kikali kuliko vyote vilivyokuwapo wakati huo kwa chembe za uzito huo.

Inafaa kuelewa kwa nini Jua hushinda hapo. Karibu robo tatu ya uzito wa Jua ni haidrojeni, na kila kiini cha haidrojeni ni protoni moja yenye spini yake. Kiini cha xenoni kina protoni 54 ambazo spini zake zimefutana mbili mbili, na katika zile aina za xenoni zenye spini iliyobaki, iliyobaki ni ya nyutroni. Kwa mgongano wa spini na protoni, tani za xenoni zina msaada mdogo, na Jua lina protoni zisizohesabika. Vigunduzi vya PICO vya maabara ya SNOLAB, vinavyotumia fluorini, vimekuwa washindani wakubwa baadaye kwa sababu hiyohiyo: kiini cha fluorini kina protoni moja isiyo na mwenza.

Kikomo hiki kilikuwa na kazi ya kufanya. Kwa miaka mingi jaribio la DAMA, chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, limedai kuona ishara katika fuwele zake za sodiamu na iodini, ishara inayopanda karibu na Juni na kushuka karibu na Desemba, kama maada ya giza ingefanya kutokana na mwendo wa Dunia kulizunguka Jua. Njia mojawapo ya kuielezea ilikuwa chembe nyepesi, ya uzito wa kama protoni 10, yenye mgongano wa spini. Chembe ya namna hiyo Jua lingeinasa kwa wingi, na kama ikiangamizana hutoa chembe za tau (jamaa nzito za elektroni), Super-Kamiokande ingepaswa kuona nyutrino zake. Haikuziona. Baadaye ANAIS huko Uhispania na COSINE-100 huko Korea Kusini zilitumia fuwele za aina ileile ya DAMA, na hazikuuona mpando huo wa kila mwaka. Jua lilikuwa limetangulia kusema jambo lililokuja kuungwa mkono na majaribio yaliyorudia kipimo chenyewe.

Hadi hapa, anayeitetea hoja ya maangamizi ana kesi nzuri. Lakini soma sentensi yangu ya juu tena: "kama ikiangamizana hutoa chembe za tau." Neno "kama" limebeba uzito mkubwa. Super-Kamiokande yenyewe ilionyesha kwamba kwa chembe ya uzito wa protoni 10, kikomo hubadilika zaidi ya mara 10 ukitoka kwenye maangamizi ya tau kwenda kwenye maangamizi ya kwaki aina ya b (kwaki ni chembe za familia inayounda protoni na nyutroni). Na hizo ni njia mbili zenye mavuno. Maangamizi yakitoa elektroni au kwaki nyepesi, karibu kila kitu husimama ndani ya Jua kabla ya kutoa nyutrino yenye nishati ya juu. Kikomo hudhoofika vibaya.

Zito kuliko hilo ni swali la kuangamizana kwenyewe. Maada ya kawaida, iliyotuunda sisi, ipo leo kwa sababu ilizidi idadi ya antimaada yake, yaani maada pacha yenye chaji kinyume; haina mwenza wa kuangamizana naye. Kuna wanafizikia wengi wanaoona maada ya giza ingeweza kuwa na asili kama hiyo, na wanaitaja hasa kwa chembe za uzito wa protoni chache, kwa kuwa hapo wingi wa maada ya giza na wa maada ya kawaida unalingana kwa urahisi. Chembe ya namna hiyo ikinaswa na Jua haitoi nyutrino hata moja. Itarundikana tu. Super-Kamiokande inaweza kusubiri miaka 100 bila kuona kitu, na chembe iwe ipo palepale. Kwa hiyo mtu anayeonyesha mchoro wa Super-Kamiokande na kusema chembe za protoni 10 zimekataliwa, bila kusema "zinazoangamizana, kwa njia hii", amevuka ushahidi alionao.

Kisha kuna ukuta wa chini. Chembe ikiwa nyepesi sana, viini vya Jua vyenye joto vinaipiga na kuirusha nje, kama mvuke unavyoondoka kwenye sufuria. Kiwango cha kutoroka hutegemea uzito kwa ukali mno: chini ya uzito wa kama protoni 3 au 4, kwa chembe zinazogongana na viini, Jua linapoteza karibu kila kilichonaswa. Ndiyo sababu utafutaji wa Super-Kamiokande ulianzia hapo. Lakini sehemu kubwa ya chembe tunazoziita nyepesi ziko chini ya ukuta huo! Zana inayosifiwa kwa chembe nyepesi inanyamaza pale ambapo wepesi wenyewe unaanza.

Haki inataka niseme kwamba wanaoitumia hoja hii hawakukaa bila kujibu. Mwaka 2013 makundi mawili, moja la Carsten Rott, Jennifer Siegal-Gaskins na John Beacom, jingine la Nicolás Bernal, Justo Martín-Albo na Sergio Palomares-Ruiz, yalionyesha kwamba hata maangamizi ya kwaki nyepesi hayapotei bure. Yanazaa pioni, chembe zenye maisha mafupi, kwa wingi ndani ya Jua, pioni husimama, kisha huvunjika na kutoa nyutrino za elektronivolti milioni makumi kadhaa. Kaoni, jamaa nzito za pioni, zikisimama na kuvunjika hutoa nyutrino ya nishati moja maalumu, elektronivolti milioni 236. Mstari wa nishati moja ni kitu ambacho kigunduzi kizuri kinaweza kukitambua, na jaribio la DUNE linalojengwa Marekani, katika mgodi uleule wa Homestake, litakuwa na arigoni kimiminika inayofaa kazi hiyo. Pingamizi la njia za maangamizi, kwa hiyo, linapungua nguvu mwaka hadi mwaka. La kuvukizwa pia limepata jibu la nusu: chembe nyepesi zinazopigwa na Jua hutoka zikiwa na kasi kubwa kuliko zilivyoingia, na vigunduzi vya hapa Duniani vinaweza kuzitafuta zikiwa zimechangamshwa hivyo. Pingamizi la chembe zisizoangamizana ndilo halina jibu. Haliwezi kupata jibu ndani ya hoja hii, kwa kuwa hoja yenyewe ni maangamizi.

Hoja ya pili haihitaji maangamizi, wala haihitaji Jua kunasa chochote. Inauliza swali la matumizi ya nishati: Je, kuna kinachovuja?

Chukua aksioni, chembe iliyopendekezwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kueleza kwa nini nguvu inayoshikilia viini haibagui kati ya mwelekeo wa wakati wa mbele na wa nyuma. Leo ni mmoja wa wagombea wakuu wa maada ya giza, na inaweza kuwa nyepesi mara mabilioni kuliko elektroni. Ndani ya Jua, fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayopita karibu na chembe yenye chaji ingeweza kugeuka aksioni na kuondoka moja kwa moja. Nishati yake haifiki usoni kama mwanga. Lakini mwanga wa Jua tunaujua vizuri, na lazima upatikane. Ikiwa kuna nishati nyingine inayovuja bila kuonekana, Jua linalazimika kuchoma haidrojeni zaidi kuifidia, na limelazimika hivyo maisha yake yote. Kwa umri uleule litakuwa na heliamu zaidi katikati, na kiini chenye joto zaidi.

Na hapo tuna kipimajoto kikali ajabu. Nyutrino za boroni-8, zinazotoka kiini cha boroni-8 kinapovunjika, ni chini ya moja katika kila elfu kumi za nyutrino za Jua, lakini idadi yake hufuata joto la kiini kwa kipeo cha karibu 25. Joto likipanda kwa asilimia 1, nyutrino hizo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Maji mazito ya Sudbury yaliweza kuzihesabu za aina zote, zilizobadilika na zisizobadilika, na kupata kama milioni 5 kwa sentimita ya mraba kila sekunde. Mwaka 2009 Paolo Gondolo na Georg Raffelt walikitumia kipimo hicho. Walionyesha kwamba nishati inayovuja kwa njia isiyoonekana haiwezi kuzidi asilimia 10 hivi ya mwanga wa Jua, na wakatoa vikomo kwa aksioni na kwa chembe nyingine nyepesi zinazogusana na elektroni. Zana iliyowahi kutumiwa kuitetea kosmioni kwa kusema kiini kimepoa sasa ilitumika kusema kiini hakijapata joto la ziada.

Wapinzani wana mambo mawili ya kusema, na yote ni ya kweli.

La kwanza: kikomo ni dhaifu. Nyota za zamani zilizo katika vishada vikubwa vya nyota, kwa kuhesabu tu ni ngapi ziko katika hatua gani ya maisha, zinatoa kikomo cha aksioni kilicho kikali kama mara 10 zaidi. Darubini ya aksioni ya CAST huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe barani Ulaya, iliyoelekeza kwenye Jua sumaku ya majaribio ya LHC, mashine ya kugonganisha chembe, ilifikia kiwango hichohicho mwaka 2017. Nani atahitaji kipimajoto cha Jua wakati kuna zana kali hivyo?

La pili: hatuna hakika Jua limeundwa na nini. Kiasi cha kaboni, nitrojeni, oksijeni na chuma ndani yake kimekuwa na mgogoro tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Orodha ya zamani ya vipimo inatabiri nyutrino za boroni-8 karibu asilimia 20 zaidi ya orodha iliyotolewa mwaka 2009, na kipimo halisi kimeangukia katikati ya hizo mbili. Mwaka 2022 uchambuzi mwingine ulirudisha kiasi hicho juu. Kipimajoto ambacho alama zake hazijakubaliwa kinaweza kumpinga nani?

Nalijibu la pili kwanza. Uvujaji wa asilimia 10 ungeongeza nyutrino za boroni-8 kwa kiasi cha kama nusu. Mgogoro wa asilimia 20 unazuia kikomo kisinoe zaidi, lakini hauwezi kuficha ongezeko la nusu. Gondolo na Raffelt hawakudai zaidi ya walichokuwa nacho. Kikomo chao kimeacha nafasi ya mgogoro huo ndani yake. Hilo ndilo ninaloliheshimu katika kazi ile.

Kuhusu udhaifu, mfano wa 2020 unafundisha. Mwaka huo jaribio la XENON1T, chini ya Gran Sasso, lilitangaza matukio 285 mahali walipotarajia 232 hivi. Moja ya maelezo ilikuwa aksioni kutoka kwenye Jua. Ilikuwa habari kubwa, na kwa takwimu peke yake maelezo hayo yalivutia. Wanaofuatilia nyota walisema mara moja: aksioni yenye nguvu hiyo ya kugusana na elektroni ingezipoza nyota kibete nyeupe (mabaki madogo mazito ya nyota zilizozimika) na majitu mekundu (nyota zilizovimba uzeeni) kwa kasi ambayo hatuioni. Mwaka 2022 XENONnT, iliyokuwa safi zaidi, haikuona ziada yoyote. Nyota zilikuwa zimesema kweli.

Lakini kati ya 2020 na 2022 kulitokea jambo lingine. Wananadharia walibuni njia za kuzikwepa nyota: chembe ambayo hubadili tabia yake pale msongamano unapokuwa mkubwa sana, ikawa haitengenezwi ndani ya kibete nyeupe lakini inatengenezwa ndani ya Jua. Kibete nyeupe na kiini cha jitu jekundu vina msongamano wa mara maelfu ya ule wa kiini cha Jua. Ukwepaji huo hauna mashiko mbele ya kikomo kilichotoka kwenye Jua lenyewe. Anayedai chembe zake zimetengenezwa ndani ya Jua na kufika kwenye kigunduzi chake hawezi kukwepa swali la Jua limelipaje nishati hiyo. Hapa kikomo dhaifu kina nguvu ambayo kile kikali hakina. Tena Jua ndiyo nyota tunayojua umri wake, uzito wake, mwanga wake na mitetemo yake kwa usahihi usiopatikana kwa nyota nyingine yoyote.

Kuna tofauti moja zaidi kati ya hoja hizi, na kwangu ndiyo inayokata shauri. Ya kwanza hutegemea ni kiasi gani cha maada ya giza kimelizunguka Jua na kwa kasi gani, si leo tu bali kwa mamilioni ya miaka iliyopita. Chembe ikiwa ni asilimia 1 tu ya maada ya giza, kikomo hulegea kwa kiasi hichohicho au zaidi. Ya pili haiulizi kabisa kama chembe ndiyo maada ya giza. Ikiwapo katika maumbile na ikiwa na mguso huo, Jua lingeitengeneza. Kwa hiyo inakataa zaidi, ingawa kwenye mchoro mstari wake unaonekana chini ya hadhi.

Vigunduzi vya nyutrino vimepata pia kazi ya katikati ya hoja hizi mbili. Protoni inapoungana na kiini cha diuteriamu (haidrojeni nzito) ndani ya Jua hutoka nishati ya elektronivolti milioni 5.5, kwa kawaida kama mwale wa gama. Badala yake ingeweza kutoka aksioni. Borexino, tangi la karibu tani 280 za kimiminika kinachomulika chini ya Gran Sasso, ilitafuta kilima kidogo kwenye nishati hiyo na mwaka 2012 ikatoa vikomo. Sipendi kuupunja utafutaji huu kwa aya fupi, maana ni wa moja kwa moja kuliko zote. Ila kwa sasa unagusa aksioni zenye mguso wa aina chache tu.

Jua lina upande wake wa kuzuia pia. Mwaka 2024 PandaX-4T ya China na XENONnT zilitoa dalili za kwanza za nyutrino za boroni-8 zikivigonga viini vya xenoni. Msukumo wake unafanana mno na wa chembe ya maada ya giza yenye uzito wa kama protoni 6. Dalili hazikufika kiwango cha ugunduzi, lakini ujumbe ulieleweka: vigunduzi vya chembe nyepesi vimeanza kuingia kwenye ukungu wa nyutrino za Jua, na kuongeza tani za xenoni hakutausafisha kwa urahisi. Hata utafutaji wa maangamizi una ukungu wake, kwani miale ya anga za mbali huligonga Jua na kuzaa nyutrino za nishati ya juu upande uleule tunaoutazama.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona hatua inayofuata ni kujenga tangi kubwa zaidi peke yake. Hyper-Kamiokande inayojengwa Japani italeta makali mapya kwenye hoja ya maangamizi, na nitafurahi kuyaona. Lakini mgogoro wa muundo wa Jua ndio unaokifunga kipimajoto, na ufunguo wake unajulikana: nyutrino za mzunguko wa kaboni, nitrojeni na oksijeni, ambazo idadi yake hufuata kiasi cha elementi hizo moja kwa moja. Borexino ilizitambua kwa mara ya kwanza mwaka 2020, na vipimo vyake vya 2022 vikaelemea upande wa Jua lenye elementi nzito nyingi. Mwaka 2021 ilikuwa imeshafungwa. JUNO ya China, yenye tani 20,000 za kimiminika kinachomulika, ilianza kukusanya data mwaka 2025, ila iko kwenye kina kifupi kuliko Gran Sasso, na miale ya anga hutengeneza ndani yake kaboni-11, aina ya kaboni yenye mnururisho, inayofunika palepale ishara hizo zilipo. Kinachohitajika ni kigunduzi safi kama Borexino, kikubwa zaidi, na kwenye kina cha Sudbury au zaidi. Kikipatikana, na asilimia 20 ile ikashuka hadi chache, vikomo vya uvujaji vitashuka pamoja nayo kwa aksioni na kwa chembe nyingine zote nyepesi zinazotengenezwa ndani ya Jua, bila mtu kulazimika kukisia chembe hizo zinaangamizana vipi au kama zinaangamizana kabisa.